Mwizi wa Spika Moja

Ijumaa, saa nane na robo mchana, Fundi alirudi kutoka kwa kinyozi na kukuta kufuli la karakana yake limelala kwenye kizingiti, limekatwa. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani hapakuwa na fujo yoyote. Koleo zilikuwa mahali pake, makopo ya gundi mahali pake, mashine ya kuchezea mikanda ya sauti iko mezani chini ya kitambaa chake. Katikati ya chumba, juu ya stuli mbili, asubuhi ile alikuwa ameziacha spika mbili za Mwalimu, mteja wake, zimekitazama kiti cha mgeni. Sasa palikuwa na spika moja. Ya kulia ipo, ya kushoto haipo.

Hakupiga kelele wala hakuita jirani. Alikaa kidogo kwenye kile kiti cha mgeni, kisha akafunga mlango kwa kamba na kwenda kituo cha polisi kwa miguu. Nywele za kinyozi zilikuwa bado kwenye kola yake.

Zamu ilikuwa ya sajini mmoja mwanamke ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi, kuanzia mkuu wake hadi wezi wa kuku, na yeye alishachoka kukataa. Alifungua daftari.

"Umeibiwa nini, baba?"

Fundi alimtazama mdomoni kabla ya kujibu. "Spika."

"Ngapi?"

"Moja. Zilikuwa mbili."

Shangazi akaweka kalamu chini. Katika miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa ameandika wizi wa kila namna, hata wa mlango wa choo, lakini mtu aliyeiba nusu ya kitu alikuwa hajawahi kumwandika.

"Mwizi gani anaiba kiatu kimoja?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," Fundi alisema. "Nimeshindwa kuelewa."

Njiani alimweleza. Zile zilikuwa spika za zamani, za mbao nzito, alizonunua marehemu mume wa Mwalimu akiwa bado kijana. Zilipofika kwake sponji inayoshikilia koni, ule uso wa karatasi unaotoa sauti, ilikuwa imeoza na kuwa kama makombo ya keki, na koili ya spika ya kushoto imeungua. Wiki kumi na moja alizifanyia kazi. Alibandika sponji mpya, akaacha gundi ikauke siku nzima kila upande, akapiga mbao msasa na kuzipaka mafuta. Koili, ule waya unaozungushwa nyuma ya koni, aliisuka upya mke wake kwa mkono, nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kazi hiyo ndiyo iliyompa mke huyo jina la Mama Koili.

"Na mwenye spika anazitaka za nini?"

"Kumsikia mwanawe."

Mwalimu alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, wa kike. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa ilikuwa imepita miaka arobaini na moja. Miezi michache kabla hajafa, baba yake alimrekodi sebuleni akiimba na kupiga gitaa: gitaa likaingia spika moja, sauti spika nyingine. Mkanda ulikuwa huo huo mmoja. Baada ya msiba hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuchezesha, na moyo ulipopatikana mashine ilikuwa imekufa na spika zimeoza. Jumatatu Mwalimu alikuwa anafanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba kwa umri wake huenda asiamke.

"Anakuja leo saa kumi," Fundi alisema. "Nimekwenda kunyoa kwa ajili yake."

"Huwezi kutumia hiyo moja iliyobaki?"

"Nilimwambia juzi kwamba ikibidi inawezekana. Akasema hataki kumsikia mwanawe nusu."

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja upande wa mtaa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefunikwa na maboksi matupu ya spika za zamani, ishirini hivi, yamepangwa matatu matatu na kugeuzwa uso ukutani. Fundi aliyaweka kwa ajili ya mbao zake. Shangazi aliinama kizingitini kwanza. Aliokota lile kufuli, akaligeuza. Chuma kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, mkato mmoja ulionyooka, safi kabisa. Ubavuni mwa kufuli, upande huu na upande ule, palikuwa na alama za meno. Alipapasa sakafu ya kizingiti kwa kidole. Vumbi la kawaida.

Aliingia ndani na kuzunguka meza. Kwenye kona ya meza palikuwa na jiliwa, kile chombo cha chuma cha kubania kitu unapokikata. Chini yake, sakafuni, unga wa chuma uling'aa. Shangazi alilinganisha meno ya jiliwa na alama za kufuli, akaandika kitu.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya amplifaya yake ya zamani, ile yenye taa za kioo juu. Kwenye nafasi ya waya za spika ya kushoto palikuwa pamefungwa kitu cheupe, kidogo kama kipande cha chaki.

"Hii ni nini?"

"Rezista. Amplifaya ya aina hii haiachwi bila mzigo. Ukitoa spika, halafu mtu akaiwasha kwa bahati mbaya, inaungua. Kwa hiyo ukitoa spika tu, unafunga hii."

"Umeifunga wewe?"

"Hapana." Aliigusa kwa kidole. "Labda niliifunga nikasahau."

Shangazi akaandika tena. Mwizi aliyekuwa na haraka ya kukimbia na spika alikuwa amepata wasaa wa kulinda amplifaya ya watu.

Hapo aliingia Mama Koili na kikapu mkononi, mwanamke mnene aliyepita umri wa makamo, mwenye vidole vyembamba visivyofanana na mwili wake. Alikuwa sokoni tangu saa saba, alisema, na habari amezikuta mtaani. Funguo za kufuli zilikuwa mbili, mmoja wa mumewe na mmoja wake, na wake ulikuwa huu hapa. Kila Shangazi alipomuuliza Fundi swali, Mama Koili alisogea mbele ya mumewe akalirudia. Shangazi alimhesabu kati ya wale wake wanaomsemea mume hata salamu.

"Na huo mkanda wenyewe uko wapi?"

"Uko salama," Mama Koili alijibu haraka. Aliuonyesha kwenye rafu, ndani ya boksi lake la karatasi, lakini Shangazi aliponyoosha mkono, Mama Koili akauchukua na kuukumbatia kifuani. "Mwalimu ameagiza usiguswe mpaka yeye awepo."

Kwenye pipa la taka chini ya mashine palikuwa na vipande vya pamba, vingi, vimechafuka rangi ya kahawia kama chai ya rangi.

"Nilisafisha mashine," Mama Koili alisema kabla hajaulizwa.

Saa kumi kamili Mwalimu aliingia na fimbo yake, amevaa gauni la siku kubwa. Alikuwa mdogo wa umbo, na bado alikuwa na ile sauti ya kufikisha maneno dawati la mwisho. Alielezwa. Alikaa kwenye kiti alichoandaliwa, akaitazama ile spika moja muda mrefu.

"Basi nitangoja mpaka kesho," alisema. "Si nimezoea?"

Mdomo wa Shangazi ukasema maneno ambayo polisi mwenye akili timamu hasemi.

"Kesho saa nne asubuhi utaikuta hapa, Mwalimu."

Mtu wa kwanza kushukiwa alijileta mwenyewe kwa mdomo wake. Mdogo wa marehemu mume, ambaye Mwalimu alimwita Shemeji na kila mtu akafuata, alikuwa amefika karakana Jumatano na kugombana. Alidai spika zile alizinunua pamoja na kaka yake na akaapa atakuja kuchukua haki yake. Mtaa mzima ulimsikia. Ijumaa mchana gari lake lilionekana nje ya karakana. Saa kumi na moja jioni Shangazi alimkuta nyumbani kwake akiosha gari hilo hilo.

"Ulikuwa wapi mchana, kaka?"

"Usinizungushe, afande. Nilikwenda kwa Fundi. Saa saba na nusu, nikakuta pamefungwa."

"Pamefungwaje?"

"Kufuli, mahali pake. Nililitikisa."

"Zima?"

"Zima kabisa. Nikaondoka. Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi, kama unataka kujua. Jumatano nilisema maneno ya kipumbavu. Mama wa watu anapasuliwa moyo Jumatatu, mimi nagombania mbao."

"Una shahidi?"

"Wa nini? Wa kuomba radhi?" Alitupa kitambaa ndani ya ndoo. "Fungua buti utazame. Fungua na nyumba. Halafu niambie, ningechukua moja nikaifanyie nini? Niitegemeze mlango?"

Shangazi alifungua buti, kisha nyumba. Hapakuwa na kitu. Alirudi kituoni na kitu kimoja tu mkononi: saa saba na nusu kufuli lilikuwa zima.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikwenda kwa wa pili. Huyu alikuwa Seremala, jirani wa ukuta mmoja na karakana, mtu mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Yeye na Fundi walikuwa hawasalimiani tangu mwaka uliopita, na katika ukuta wake ilining'inia misumeno ya kila aina, ya chuma ikiwemo.

"Mmegombania nini?" Shangazi aliuliza.

"Kelele! Zamani alikuwa mstaarabu. Siku hizi anafungulia hizo spika mpaka misumari inaruka juu ya meza yangu. Nikienda kumwambia, ananitazama tu na kucheka, ananiuliza habari za watoto. Ni dharau, Shangazi."

"Ijumaa mchana ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nakula. Nikasikia msumeno wa chuma huko kwake. Saa nane kasoro dakika kumi. Nikajua amerudi kazini."

"Ulikuwa mlangoni au ndani?"

"Ndani, upande wa meza. Ukuta huu unapitisha hata pumzi. Na hakuwa mtu mwenye haraka. Mikato mirefu, taratibu, mtu anayeijua kazi."

"Hukuona ajabu?"

"Ajabu ilikuwa Alhamisi." Alitikisa kichwa. "Alhamisi asubuhi alinifungulia mlio mmoja, bawaba kavu ya mlango ni afadhali. Dakika ishirini, haukatiki! Meno yananiuma. Mwishowe nikatoka nikaenda kunywa chai mbali. Nilipokuwa natoka, Mama Koili huyo anatoka dukani anakuja mbio, kikapu kimemwaga vitunguu barabarani na hatazami nyuma. Sijafika kona, kukawa kimya."

Shangazi aliacha kuandika. Alikaa juu ya kipande cha mbao, na Seremala baadaye alisema alidhani mama wa watu ameugua.

Dakika ishirini. Hakuna mtu mwenye masikio anayeweza kukaa mbele ya mlio wa namna hiyo dakika ishirini.

Alitoka na kuingia karakana. Fundi alikuwa mezani, amempa kisogo, anafuta mbao za ile spika iliyobaki.

"Hodi, Fundi," alisema. Kimya. "Habari za asubuhi, baba." Fundi aliendelea kufuta. Shangazi akapaza sauti mpaka mpita njia akageuka: "Fundi, nyumba inaungua!"

Fundi alikunjua kitambaa, akatafuta upande safi, akaendelea na kazi.

Shangazi alijisikia vibaya, kama mtu aliyechungulia chumba cha wakwe. Ameingia kutafuta mwizi, akakuta siri ya watu wazima wawili. Alimtazama yule mzee alivyokuwa ameweka kiganja cha kushoto juu ya boksi la spika hata pale ambapo hakikuhitajika, na akaelewa kwa nini Mama Koili daima husimama mbele yake. Hakuwa anamsemea. Alikuwa anamsikilizia.

Kilichobaki kilikuwa cha kumaliza tu. Kufuli lilikatwa likiwa limebanwa kwenye jiliwa, na huwezi kubana kufuli ambalo bado linafunga mlango. Kwa hiyo lilifunguliwa kwanza kwa ufunguo, likaingizwa ndani. Funguo zilikuwa mbili, na wakati ule mwenye mmoja alikuwa kwa kinyozi. Kinyozi alithibitisha, kuanzia saa saba hadi saa nane na dakika tano. Shangazi alikwenda kwenye ukuta wa nyuma na kuanza kugonga yale maboksi kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine. Yaliitika kwa mwangwi mrefu wa kitu kitupu. La kumi na moja, safu ya chini kabisa, lilijibu kifupi. Akapapasa mgongo wake. Mbao zilikuwa laini, zina mafuta mapya.

Hakulitoa. Nyuma yake Fundi alikuwa bado anafuta.

Saa nne walikuwepo wote. Mwalimu kwenye kiti chake, Shemeji amesimama nyuma yake, Seremala mlangoni akiwa hataki kuingia wala kuondoka. Fundi alikuwa kando ya mashine. Mama Koili alikuwa mbele yake kama kawaida, lakini macho yake yalikuwa kwa Shangazi, na yalikuwa yanaomba.

Shangazi aliwahi kuwataja wakosaji mbele ya watu mara nyingi, na hakuwahi kuona haya kama siku ile. Alijisogeza mpaka akampa Fundi kisogo, uso wake ukamwelekea Mwalimu peke yake. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kila mtu chumbani akasikia isipokuwa mmoja.

"Mwalimu, spika yako haikutoka humu. Iko ukutani pale, kati ya maboksi matupu. Aliyeificha ni Mama Koili."

Shemeji aliguna. Fundi, nyuma, alikuwa anatabasamu kwa adabu, akingoja kuelezwa.

"Alifungua kwa ufunguo wake, akalikata kufuli mezani ili tudhani ni mwizi wa nje. Lakini miaka yote ya kazi hii haikumruhusu kuiacha amplifaya bila mzigo. Akafunga rezista. Hapo nikajua si mgeni."

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza. Hakuwa anamuuliza Shangazi.

Mama Koili alishusha mikono. "Nilitaka usiuchezeshe mkanda."

"Kwa nini?"

"Hauna kitu, Mwalimu." Alisema polepole, mdomo haufunguki vizuri, kwa kuwa alijua mumewe anamwona. Kisha akakigeuza kichwa dirishani, Fundi asiuone uso wake. "Mikanda ya zamani ikikaa sana, ile rangi ya kahawia inayoshika sauti inaanza kuachia. Ukiichezesha hivyo hivyo inalia, inachubuka. Mtu anasikia mlio wa kwanza, anazima, kuna namna ya kuutibu. Alhamisi nilikwenda dukani. Yeye akataka kuujaribu. Alikaa mbele yake mpaka mwisho."

"Hakusikia," Mwalimu alisema.

"Hasikii chochote. Mwaka wa pili huu. Yeye anadhani sijui, na mimi namwacha adhani hivyo. Nasimama mahali anaponiona, namwambia hii iko sawa, hii haiko sawa. Mikono yake ni ile ile, Mwalimu, umeiona kazi. Ni masikio tu." Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta ili mkono usimsaliti. "Nikasema nikiondoa spika moja, hutakubali kumsikia nusu. Utakwenda hospitali ukijua mwanao yupo, anakungoja kwenye rafu. Ukirudi ningekuambia. Usiporudi, ungekwenda naye. Shangazi, nifunge. Lakini yeye asijue. Nakuombeni, asijue."

Seremala alikuwa ameinamisha kichwa, anachuna vumbi kwenye kucha. Mwaka mzima hakuwa amemsalimia mtu ambaye hakumsikia.

"Atajua," Mwalimu alisema.

"Mwalimu..."

"Nimempoteza mwanangu mara mbili. Mara ya kwanza sikuwa na wa kumuuliza. Hii ya pili nataka mtu anitazame usoni." Akamgeukia Mama Koili. "Mwambie."

Tabasamu la Fundi lilikuwa limekwisha. "Jamani, kuna nini? Mbona mnatazama chini?"

Mama Koili aligeuka. Alijiweka pale mwanga wa dirisha ulipomwangukia mdomoni, mahali alipokuwa akisimama kila siku.

"Mkanda ulipiga kelele, mzee wangu. Alhamisi. Tangu mwanzo ulikuwa unachubuka."

"Hapana. Mishale ya mashine ilikuwa inacheza. Niliitazama."

"Hata kelele inaichezesha mishale."

Hilo Fundi alilijua kuliko mtu yeyote chumbani. Alinyoosha mkono rafuni, akatoa mkanda kwenye boksi lake, akavuta kipande kirefu na kukiinua dirishani. Mwanga ulipita. Kilikuwa cheupe kama mfuko wa nailoni. Alivuta kingine, na kingine, mpaka vikarundikana miguuni pake, na vyote vilikuwa hivyo hivyo. Kisha akamtazama mkewe.

"Ulijua sisikii?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa nakuficha wewe."

"Najua, mzee wangu."

Fundi alikwenda mpaka mbele ya kiti cha Mwalimu, mikono imeshika ule mkanda mtupu, hajui pa kuuweka.

"Uliniambia nisiuchezeshe," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Nilitaka kuwa na hakika, nisije nikakuaibisha mbele ya mwanao. Siku ulipozileta nilipaswa kusema, Mwalimu, mimi masikio yameniishia, mpelekee mwingine. Nikaona haya. Ningesema, leo ungemsikia."

"Ndiyo," Mwalimu alisema. "Leo ningemsikia."

Hakumwambia si neno. Halikuwa jambo la kuambiwa si neno, na hata Fundi hakulingojea. Shangazi alifunga daftari na kuuliza kwa sauti ya chini kama Mwalimu angependa Mama Koili apelekwe kituoni.

"Mwache hapa. Atafanya nini kituoni? Ana mtu wa kumsikilizia."

Shemeji alimshika Mwalimu bega, akamwambia gari liko nje, twende. Mwalimu hakuinuka. Fundi naye hakuondoka mbele yake. Alikuwa amemkodolea macho mdomoni, anangoja neno jingine, na lilipochelewa, akasema yeye.

"Nilikaa naye dakika ishirini. Mtu wa mwisho kukaa naye ni mimi, na sikumsikia. Alikuwa akiimba nini?"

Shangazi alidhani fimbo itamwangukia mzee wa watu. Mwalimu aliikamata kwa mikono miwili, akaitazama, akailaza sakafuni.

"Kaa chini," alisema. "Hapo, mbele yangu. Unitazame."

Fundi alikaa sakafuni juu ya mkanda. Mwalimu alikohoa kidogo, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kuchekesha, binti aliutunga kumtania mama yake, juu ya mbuzi aliyeingia darasani usiku na kula madaftari ya watoto wote, na asubuhi mwalimu akamkamata akamsimamisha ubaoni. Sauti ilikuwa ya bibi wa miaka sabini na minane, inakwama, inachelewa, na kwenye ubeti wa pili ilikatika kabisa, zikabaki pumzi na midomo inayotembea. Mama Koili alijifunika uso. Shemeji alitoka nje.

Fundi peke yake hakujua kwamba sauti imekatika. Alikuwa anafuata midomo, neno kwa neno, bila kupitwa. Na ilipofika pale mbuzi anapoulizwa jibu la hesabu, na jibu lake, Fundi alicheka, kicheko kikubwa cha mtu asiyejisikia. Mwalimu alimtazama akicheka, akavuta pumzi, akarudia ubeti ule tangu mwanzo.